Mashati 40 Bila Vifungo: Sanduku la Bolti Huitaje Kiwandani?



Januari iliyopita, zikiwa zimebaki siku nne tu shule zifunguliwe, nilipitia kwa kikundi kimoja cha akina mama ambao hushona yunifomu. Wana cherehani saba. Siku hiyo zote saba zilikuwa zimenyamaza. Juu ya meza kulikuwa na mashati 40 ya buluu, kola imetiwa, mikono imetiwa, hata pasi yameshapigwa. Kilichokosekana ni vifungo.

Kisa chenyewe ni hiki. Vifungo vilikwisha jana yake saa kumi jioni. Mama mwenye ufunguo wa kabati alikuwa ameenda matanga, na kila mmoja alidhani kwamba ndani ya kabati mna pakiti nyingine. Asubuhi walipovunja kufuli hawakupata hata kifungo kimoja. Walichopata ni uzi mweupe, boksi juu ya boksi, wa kutosha kama miaka miwili hivi, kwa maana mwaka uliotangulia kuna mtu aliuona kwa bei ya chini akanunua mwingi. Kumbe pesa ya vifungo ilikuwa pale pale kabatini, ila imegeuka uzi.

Mtu alitumwa mjini akarudi usiku. Wazazi wengine hawakungoja. Walinunua dukani, na mashati 16 kati ya yale 40 yakabaki mikononi mwa kikundi mpaka muhula wa pili.

Tulipokuwa tumekaa tukihesabu hasara, kijana wa mwenyekiti, ambaye anasomea mitambo chuoni, akasema: "Mama, siku hizi kwenye viwanda vya magari sanduku la bolti lenyewe huita likikaribia kuisha. Halingoji mtu aende kulifungua." Mwenyekiti akamtazama. "Litaitaje? Lina mdomo?" Watu wakacheka, lakini swali hilo mimi liliniingia. Nimelifuatilia kwa kusoma na kwa kuuliza watu wanaojua mitambo, na nimeona niwaandikie nilichopata. Vikundi vyetu vingi vinatengeneza kitu kutokana na vitu vingi, iwe ni yunifomu, viti au mizinga ya nyuki. Tena watoto wetu wengine wataajiriwa kwenye viwanda vya namna hii.

KAZI YA KUUNGANISHA

Gari moja lina vipande kama 30,000, ukihesabu mpaka skrubu ndogo kabisa. Hakuna kiwanda kimoja kinachotengeneza vipande vyote hivyo. Vinatoka kwa makampuni mengi, na kazi ya kiwanda cha mwisho ni kuviunganisha. Hata hapa kwetu Kenya magari huunganishwa Thika, Mombasa na Nairobi, na vipande vyake vingi hufika kwa makasha kutoka ng'ambo.

Ndani ya kiwanda kikubwa gari halikai mahali pamoja. Linasukumwa polepole kwa laini, na wafanyakazi wamesimama kando yake kwenye vituo. Huyu anatia kiti, yule anafunga mlango, mwingine anakaza bolti za gurudumu. Kila mmoja ana dakika moja au mbili, halafu gari linalofuata limefika. Karibu na mkono wake kuna masanduku ya vipande anavyotumia. Sasa, sanduku la mtu mmoja likiwa tupu, si yeye peke yake anayesimama. Laini nzima husimama, watu mia na zaidi, kwa sababu gari halipiti bila ile bolti.

Mtu atasema, basi wajaze masanduku mengi pale karibu. Ndivyo viwanda vilivyofanya zamani. Lakini nafasi haitoshi, mfanyakazi anakwaruzana na marundo, vitu vinapata kutu, na pesa ya kampuni inalala sakafuni ikiwa vyuma. Ni ule uzi mweupe. Kikundi kikikosa kifungo kimoja na huku kina uzi wa miaka miwili, usifikiri ni makosa mawili. Ni kosa moja: hakuna anayejua kila kitu kinakwisha kwa mwendo gani.

Kwa hiyo viwanda viliajiri watu wa kuzunguka na daftari. Anapita saa mbili, anapita saa sita, anaandika kilichopungua. Shida ni kwamba kati ya saa mbili na saa sita lolote laweza kutokea.

KADI ZA WAJAPANI

Waliopata njia bora ni Wajapani wa kampuni ya Toyota. Mwanzilishi wa ukoo huo, Toyoda Sakichi, hakuwa mtu wa magari. Alikuwa mtu wa vitanda vya kufumia nguo. Mwaka 1924 alikamilisha kitanda cha kufumia ambacho uzi ukikatika kinasimama chenyewe, ili kisiendelee kufuma nguo mbovu. Mwanawe Kiichiro alipoanza magari, alitaka kila kipande kifike kwa wakati wake, kisichelewe wala kisitangulie.

Aliyeifanya fikira hiyo kuwa kazi ya kila siku ni Ohno Taiichi, aliyekuwa akisimamia karakana za Toyota katika miaka ya 1950. Ohno alivutiwa na supamaketi za Wamarekani. Huko mteja huchukua kwenye rafu kile anachohitaji, na mwenye duka hujaza nafasi ile iliyobaki wazi, hazidishi. Ohno akauliza, kwa nini karakana isiwe hivyo? Akaweka kadi, ambayo kwa Kijapani huitwa kanban. Kila sanduku la vipande lina kadi yake iliyoandikwa ni kipande gani, ni vingapi, vinatoka wapi na vinapelekwa wapi. Mfanyakazi akianza sanduku, anatoa kadi na kuitia mahali pake. Mtu anapita, anazikusanya kadi, anarudi na masanduku kulingana na kadi alizonazo. Hakuna kadi, hakuna kuleta. Hiyo ndiyo sheria, na ni ngumu kuishika kuliko inavyosikika, kwa sababu sote tunapenda kuongeza kidogo "ikitokea".

Tazameni kwamba hapa hakuna umeme. Ni karatasi. Kadi zimeendesha viwanda vikubwa kwa miaka mingi, na nyingine zinaendelea mpaka leo.

Hata hivyo, kadi ina udhaifu wake. Inaanguka chini ya meza. Inasahauliwa mfukoni mwa ovaroli na kufuliwa pamoja nayo. Na lazima ingoje miguu ya mtu, yaani aliyetoa kadi saa tatu na dakika tano, na mkusanyaji amepita saa tatu kamili, habari yake itakaa mpaka mzunguko unaofuata. Hapo ndipo yule kijana na sanduku lake linaloita wanapoingia.

CHOMBO CHENYEWE NI NINI?

Chombo hicho wataalamu wanakiita kihisi, kwa sababu kinahisi. Kina sehemu nne tu. Ya kwanza ni ile inayohisi. Ya pili ni kompyuta ndogo kama ukucha. Ya tatu ni redio ndogo ya kutuma na kupokea. Ya nne ni betri. Vikiwa vingi na vikiongea vyenyewe kwa vyenyewe, basi huo ni mtandao wa vihisi usiokuwa na waya.

Hiyo sehemu ya kuhisi ni ya namna nyingi. Nyingine ni mizani iliyowekwa chini ya sanduku. Nyingine ni mwale wa taa unaokatiza sanduku kwa ndani: vipande vikiwa juu ya kiwango mwale umezibwa, vikishuka mwale unapita. Kuna viwanda ambavyo vimeweka kitufe tu, mfanyakazi anabonyeza akifikia sanduku la mwisho. Na kampuni ya Würth ya Ujerumani, ambayo huuzia viwanda skrubu na nati, tangu mwaka 2013 imeonyesha sanduku lenye kamera ndani yake. Kamera inatazama, kompyuta inakadiria kilichobaki, na oda inaenda yenyewe. Wao wanaliita iBin.

Tuchukue ile ya mizani maana ndiyo rahisi kueleza. Bolti moja ina uzito wa gramu 20. Kila gari linachukua bolti 8, na gari linapita kila dakika mbili. Kwa saa moja ni magari 30, yaani bolti 240. Tangu sanduku liite mpaka toroli ifike kutoka stoo ni nusu saa. Katika nusu saa hiyo bolti 120 zitatumika. Ukiongeza 60 za tahadhari, toroli isije ikakwama njiani, unapata 180. Bolti 180 mara gramu 20 ni kilo 3.6. Basi mizani imeambiwa hivi: ukifika kilo 3.6, ita. Haina akili nyingine zaidi ya hiyo. Akili iko kwa yule aliyepiga ile hesabu ya 180.

Nawaomba mkae na hesabu hiyo kidogo kabla ya kuendelea, kwa sababu ndiyo kiini cha mambo yote haya. Watu wengi husema "tuagize vikiisha". Wengine husema "tuagize vikibaki vichache". Vichache ni vingapi? Jibu linatokana na mambo mawili: mnatumia vingapi kwa siku, na safari ya kuleta vingine inachukua siku ngapi.

HABARI INASAFIRIJE BILA WAYA?

Kwa nini wasitumie waya? Sababu moja ni gharama ya kupitisha nyaya kwa maelfu ya masanduku. Ya pili ni kwamba kiwanda hakikai vile kilivyo. Leo wanaunganisha gari hili, mwakani lingine, na vituo vinahamishwa. Waya ukiwepo, kila ukihama unaita fundi wa umeme. Toyota wenyewe walikuwa na kamba maarufu iliyoning'inia juu ya laini. Mfanyakazi akiona shida anaivuta, taa inawaka, msimamizi anakuja, na ikibidi laini inasimama. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba wameanza kuondoa kamba hizo na mahali pake kuweka vitufe vya manjano visivyotumia waya. Kitufe unakihamisha kwa mkono.

Lakini kiwanda ni mahali pabaya kwa redio. Chuma kila upande. Mawimbi ya redio yanagonga chuma na kurudi, yanagongana yenyewe, na foklifti ikisimama katikati njia inazibwa. Isitoshe, vihisi vingi vinatumia mawimbi yale yale yanayotumiwa na vyombo vya intaneti bila waya, na hata jiko la mikrowevu la kantini huyasumbua.

Dawa yake wahandisi waliipata kwa njia ambayo sisi tunaijua. Kifo kikitokea ng'ambo ya bonde, habari hailetwi na mtu mmoja anayepiga kelele bonde zima lisikie. Boma hili linaambia boma lile, mpaka inafika. Kihisi nacho hakitumi moja kwa moja ofisini. Kinamwambia jirani, jirani anamwambia jirani, mpaka kwenye kompyuta ya stoo. Foklifti ikiziba njia moja, habari inazunguka kwa njia nyingine. Tena wanabadilisha chaneli. Kanuni za kimataifa za redio hizi ndogo zilitolewa mwaka 2003, na kwenye mawimbi yale ninayosema zina chaneli 16. Ikiwa chaneli ya kwanza ina makelele, ujumbe unarudiwa kwenye ya pili.

Swali la betri lilinisumbua, maana sote tunajua redio inavyokula betri. Jibu ni kwamba kihisi kinalala. Kinaamka kidogo sana, chini ya nukta moja, kinapima, kinasema neno lake, kinalala tena. Zaidi ya asilimia 99 ya wakati wake kimelala. Kwa hiyo betri ndogo mbili zaweza kukaa miaka kadhaa. Profesa Kris Pister wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, katika miaka ya 1990, aliota vihisi vidogo kama vumbi, milimita moja kila upande, na jina la kazi yake likawa hilo hilo, vumbi lenye akili. Kufikia milimita moja ni shida, lakini viwanda vimefaidi mengi kutokana na kazi ile, hasa hiyo ya kulala na kuamka kwa pamoja.

MAMBO AMBAYO KIHISI HAKIJUI

Sasa nije kwa upande ambao wauzaji wa mitambo hii hawausemi sana.

Mizani inajua uzito tu. Fundi akiweka spana yake ndani ya sanduku la bolti, mizani inaona kilo zimeongezeka na inanyamaza. Bolti zinakwisha, sanduku halijaita. Mtu akimimina bolti za inchi nyingine kimakosa, kwa mizani ni sawa tu, uzito ni uzito. Kamera nayo ina yake, kwa mfano kioo chake kikipakwa grisi.

Kubwa zaidi ni hili la kunyamaza. Kihisi chenye betri iliyokufa hakiiti. Na sanduku lililojaa pia haliiti. Ofisini yote mawili yanaonekana sawa! Ndiyo sababu mitambo mizuri imepangwa hivi, kwamba kila baada ya muda fulani kihisi lazima kiseme "niko hai", hata kama hakuna jipya. Kisiposema, taa inawaka, mtu anaenda kutazama. Kule kwa akina mama kabati lilinyamaza, na watu wakachukua kunyamaza kuwa ni kujaa.

Halafu, kihisi kikiita, ni nani anayekuja? Kuita hakuleti bolti. Kama toroli ni moja na masanduku matano yameita kwa pamoja, mawili yatachelewa. Kama stoo yenyewe haina kitu, kiwanda kitajua mapema kwamba kitasimama, lakini kitasimama.

Hili si la kubuni. Tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha kampuni ya Aisin huko Kariya, Japani. Kiwanda hicho ndicho kilichokuwa kikitengeneza karibu valvu zote za breki za aina fulani kwa ajili ya Toyota. Ni kitu kidogo unaweza kukishika mkononi. Toyota, kwa vile walikuwa wameshika sana ule mtindo wa kutoweka akiba, walikuwa na valvu za saa chache tu. Viwanda vyao vingi vya Japani vikafungwa. Kilichowaokoa ni majirani: makampuni mengi, mengine hayajawahi kutengeneza valvu, yalichukua michoro na kuanza kuzichonga kwa mashine walizokuwa nazo, na baada ya kama wiki moja kazi ikarudi karibu kama kawaida.

Na tarehe 29 Agosti 2023 viwanda vyote 14 vya kuunganisha magari vya Toyota nchini Japani vilisimama. Safari hii hapakuwa na moto wala uhaba wa kitu. Kompyuta za kuagiza vipande zilikuwa zimefanyiwa matengenezo siku mbili kabla, na nafasi ya kuhifadhi ndani yake ikajaa, zikagoma. Kompyuta za akiba zilikuwepo, lakini zilikuwa katika mfumo ule ule, nazo zikagoma vile vile. Ni kama kuwa na funguo mbili za kabati halafu zote mbili ziko katika mkoba wa yule aliyeenda matanga. Kampuni iliyowafundisha watu kadi ilisimamishwa na kompyuta iliyojaa. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka kidogo, halafu nikakumbuka kwamba wafanyakazi wa huko nao wana karo za kulipa.

JE, KINAHESABU BOLTI AU KINAHESABU MTU?

Neno hili nawaandikia hasa wazazi ambao watoto wao wako viwandani au wanaelekea huko.

Sanduku linalopimwa kila dakika linaonyesha bolti zilizotoka. Lakini bolti hazitoki zenyewe, zinatolewa na mkono wa mtu. Ukiangalia takwimu za kituo namba 12 utaona saa ngapi kazi ilienda haraka, saa ngapi ilipungua, na dakika ngapi bolti hazikuguswa kabisa. Dakika hizo labda binti alienda msalani, au alikuwa mgonjwa, au alikuwa akimsaidia mwenzake wa kituo cha 11. Mizani haijui sababu. Msimamizi naye akiwa ni mtu wa kusoma namba tu, atamwita binti yule amuulize kwa nini ni mvivu.

Mimi sipingi mtambo. Yule aliyekuwa akizunguka na daftari kutwa nzima hakuwa na kazi nzuri, na mfanyakazi aliyekuwa akigombezwa kwa kosa la stoo sasa ana ushahidi kwamba aliita mapema. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini kampuni ikiweka vihisi, ni haki wafanyakazi waambiwe kinachopimwa ni nini na kitatumiwa kwa jambo gani. Hapa Kenya si hisani. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo inampa mtu haki ya kujulishwa habari zake zinatumiwaje, na iko Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ambayo hupokea malalamiko. Chama cha wafanyakazi kinaweza kuuliza swali hilo kabla chombo cha kwanza hakijafungwa. Baada ya kufungwa inakuwa ngumu zaidi.

AKINA MAMA WALIFANYA NINI?

Nirudi kwa mashati. Kikundi hakina haja ya kihisi. Bei yake haina maana kwa cherehani saba. Walichochukua ni kadi, na ile hesabu.

Shati moja linakula vifungo 7. Siku ya kawaida wanashona mashati 12, yaani vifungo 84. Tangu mtu apewe pesa na mweka hazina mpaka vifungo vifike ni siku tatu, kwa sababu si kila siku kuna wa kwenda mjini. Siku tatu ni vifungo 252. Wakaongeza siku moja ya tahadhari, jumla 336, ambayo ni dazeni 28. Hizo dazeni 28 zilitiwa katika kopo la pili lenye mfuniko, na juu ya mfuniko kukawekwa kadi: VIFUNGO VYEUPE, DAZENI 28, na jina la duka. Wanatumia kopo la kwanza. Likiisha, anayefungua la pili lazima atoe kadi na kuitundika kwenye msumari ulio juu ya meza ya mweka hazina. Kadi ikiwa msumarini, pesa inatoka. Hakuna ufunguo. Makopo yako mezani, kila mtu anayaona.

Mwezi wa kwanza mambo hayakwenda sawa. Mama mmoja alichukua vifungo katika kopo la pili kushonea nguo za nyumbani kwake, akarudisha mfuniko na kadi yake juu. Hilo ni sawa na spana ndani ya sanduku! Maneno yalikuwa makali, na ilibidi mwenyekiti aingilie. Sasa mtu akitaka vya nyumbani anavinunua kutoka kwa kikundi, na vinaandikwa kwenye leja kama vya mteja mwingine yeyote.

Jambo jingine lilionekana mwezi wa Novemba. Kijana yule aliporudi kutoka chuoni aliuliza kama ile kadi ya dazeni 28 ni ya mwaka mzima. Wakamwambia ndiyo. Akawauliza, na Januari mnashona mashati mangapi kwa siku? Januari wanashona 30, kwa sababu wanaongeza watu na kufanya kazi mpaka usiku. Vifungo 210 kwa siku, kwa siku nne ni 840, yaani dazeni 70. Lau wangebaki na kadi ya kwanza, wangeagiza wakiwa na vifungo vya siku moja na nusu tu. Mwenyekiti alinyamaza kidogo, halafu akamwambia mwanawe achukue kalamu. Kadi mpya ni ya rangi nyekundu, inatundikwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari.

Vitu vyenye kadi mpaka sasa ni vifungo, uzi wa buluu na kitambaa cha kola. Uzi mweupe hauna kadi, maana haujaisha hata nusu. Zipu za sketi ndizo zimewashinda, kwa sababu shule bado haijawaambia ni wasichana wangapi watakaoingia mwakani, na bila idadi hiyo hakuna anayejua aandike nini.